Tela la Kubebea Bajaji: Mwongozo kwa Wenye Vyombo na Mafundi wa Ufipa

Bajaji iliyokatika ekseli katika mji mdogo wa Laela, hali fundi aliyezoea kuitengeneza yuko mjini Sumbawanga, ina safari ya kilomita 95 hivi ambayo haiwezi kuikata kwa magurudumu yake yenyewe. Na ile iliyopinda uma wa mbele huko Muze, katika bonde la Ziwa Rukwa, ina mlima wa kupanda fauka ya hayo, kwa kuwa bonde lile liko takriban mita 800 juu ya usawa wa bahari, ilhali mji wa Sumbawanga uko karibu na mita 1,800. Wenye vyombo wakifikwa na jambo hili, aghalabu huchagua moja katika njia mbili: ama hukodi lori na kukusanya vijana wa kuipandisha bajaji kwa mabega, ama huifunga kamba nyuma ya gari na kuikokota. Njia ya kwanza hula fedha iliyokusudiwa kununulia vipuri. Ya pili ni ya hatari, maana kamba huvuta lakini haizuii, na katika mteremko chombo kinachokokotwa humwendea nyuma yule anayekikokota. Tena magurudumu ya inchi 8 na beringi zake ndogo hayakuundwa kwa mwendo wa gari.

Ipo njia ya tatu, nayo ni tela dogo la ekseli moja, lile livutwalo na pikapu, ambalo wakulima na wachuuzi wengi hulitumia kuchukulia magunia ya mahindi, mapipa ya maji na matofali. Tela hili likirekebishwa kwa maarifa, laweza kubeba bajaji salama kutoka upande wowote wa uwanda wa Ufipa, na siku inayofuata likarudi katika kazi yake ya mahindi. Likirekebishwa kwa pupa, hugeuka kuwa chombo cha hatari kuliko ile kamba.

Lipo jambo moja linalostahili kutangulia mengine yote, kwa sababu makosa mengi ya kazi hii huzaliwa na kulisahau. Fundi hupima urefu na upana wa bajaji, akaona kuwa imeenea juu ya sakafu ya tela, akaridhika. Lakini kuenea si kukaa sawa. Injini ya bajaji iko nyuma, pamoja na gia zake, kiti cha abiria na magurudumu mawili. Mbele pana gurudumu moja, usukani na kioo. Kwa hiyo chombo hiki, ambacho kwa macho huonekana kimegawanyika sawasawa, kwa mizani huelemea nyuma, na tela hubeba uzito, halibebi umbo. Tafuta kwanza uzito uliko, ndipo ukamate msumeno.

Kupima chombo na kupima tela

Bajaji ya abiria ya namna inayoonekana sana mjini Sumbawanga ina urefu wa mita 2.6 na ushei, upana wa mita 1.3, na mita 2 kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi kitovu cha magurudumu ya nyuma. Uzito wake, bila ya abiria, hukaribia kilo 350. Pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, ambayo wengine huiita guta na wengine toyo, ni ndefu zaidi, aghalabu hupita mita 3. Mwenye kutaka kuibeba hiyo afuate kanuni zilezile, ila abadili vipimo. Hata kwa bajaji usitegemee vipimo vya karatasi, wala hivi vilivyoandikwa hapa. Chukua futi kamba upime chombo kilicho mbele yako, kwa sababu bamba lililoongezwa, kiti kilichobadilishwa na chuma kilichochomelewa kwa kubebea mizigo huweza kubadili kila kitu.

Uzito nao upimwe. Katika nchi ya mahindi kama Rukwa, mizani ya jukwaa haikosekani, maana kila mnunuzi wa nafaka anayo. Weka gurudumu la mbele la bajaji juu ya mizani, na chini ya magurudumu ya nyuma tandika mbao za kimo kilekile, ili chombo kisimame sawa, kisiiname. Soma uzito na uuandike. Kisha geuza: weka mizani chini ya gurudumu moja la nyuma, halafu chini ya la pili, kwa utaratibu uleule. Tuseme, kwa mfano, gurudumu la mbele limeonyesha kilo 90, na yale mawili ya nyuma kwa jumla kilo 260. Gawanya 90 kwa 350, kisha zidisha kwa sentimita 200, ambazo ndizo masafa ya kutoka gurudumu la mbele hadi ya nyuma. Jawabu ni sentimita 51. Maana yake ni kuwa kitovu cha uzito wa bajaji hii kiko sentimita 51 tu mbele ya ekseli yake ya nyuma, wala si katikati ya chombo kama jicho linavyodhani. Piga alama ya chokaa ubavuni mahali hapo, kwani alama hiyo ndiyo itakayoongoza kazi yote.

Kwa tela pima mambo matatu: urefu wa sakafu, masafa ya kutoka ekseli hadi kiungo cha kuvutia, na uzito ambao mkono wa tela, yaani chuma kirefu kinachoshika gari, huuweka juu ya mizani tela likiwa tupu na limesimama sawa.

Mahali bajaji itakaposimama

Kanuni iliyothibiti kwa matela ya namna hii ni kuwa mkono wa tela uelemee kiungo cha gari kwa uzito usiopungua sehemu ya kumi ya uzito wote wa tela na mzigo wake, wala usizidi mno sehemu ya saba. Ukipungua, mkia wa tela huanza kuyumba huku na huku, na kadiri mwendo unavyozidi ndivyo kuyumba kunavyozidi, hata gari lenyewe likavutwa nje ya njia. Ukizidi, nyuma ya gari hudidimia, magurudumu ya mbele yakawa mepesi, na usukani ukapoteza utiifu wake.

Chukua tela lenye uzito wa kilo 200 na bajaji ya kilo 350: jumla ni kilo 550, na sehemu ya kumi ni 55. Tukusudie kilo 60. Ikiwa mkono wa tela tupu huelemea kwa kilo 20, basi bajaji yapasa kuongeza 40. Ikiwa kutoka ekseli hadi kiungo ni sentimita 250, zidisha 40 kwa 250, gawanya kwa 350, nawe utapata sentimita 29. Basi ile alama ya chokaa isimame sentimita 29 mbele ya ekseli ya tela, na si popote pengine.

Hapa ndipo hesabu inapofichua kosa ambalo macho hayalioni. Sakafu yenye urefu wa sentimita 240, ambayo ekseli yake iko katikati, ina sentimita 120 mbele ya ekseli. Mtu akiipandisha bajaji kwa kutanguliza gurudumu la mbele mpaka liguse ukingo wa sakafu, ataona imekaa vizuri. Kumbe magurudumu ya nyuma yako sentimita 80 nyuma ya ekseli ya tela, na kitovu cha uzito kiko sentimita 29 nyuma yake badala ya kuwa mbele. Mkono wa tela, badala ya kuelemea gari kwa kilo 60, utakuwa unalinyanyua kwa kilo 20. Safari ya namna hiyo huanza kwa amani katika tambarare na huishia mtaroni katika mteremko wa kwanza.

Dawa ni mbili. Ya kwanza, ambayo haidai kukata chuma kikubwa, ni kuipandisha bajaji kinyumenyume, ili injini iwe mbele ya ekseli ya tela. Katika mfano wetu magurudumu ya nyuma ya bajaji yatasimama sentimita 80 mbele ya ekseli ya tela, na gurudumu la mbele sentimita 120 nyuma yake, yaani kwenye ukingo kabisa wa sakafu. Kwa hiyo ongeza ulimi wa chuma wa sentimita 30 hapo ukingoni, ili gurudumu lisikae juu ya kijembe. Dawa ya pili, inayomfaa mwenye kubeba bajaji mara kwa mara, ni kuirefusha njia ya gurudumu la mbele kwa mfereji wa chuma upitao juu ya mkono wa tela. Bajaji ikitazama mbele, magurudumu yake ya nyuma yatakuwa sentimita 22 nyuma ya ekseli ya tela, na gurudumu la mbele sentimita 178 mbele yake; basi mfereji upite ukingo wa sakafu kwa sentimita 80, ili gurudumu lipate pa kukaa pamoja na kizuizi mbele yake. Kabla ya kuchomelea mfereji huo, liunge tela na gari, uligeuze gari kulia na kushoto hadi mwisho wa usukani, uhakikishe kuwa pua ya bajaji haitagusa mlango wa nyuma wa pikapu. Na kwa kuwa chuma kilichoongezwa mbele kimeongeza uzito wa mkono, pima tena tela tupu, ufanye hesabu upya.

Sakafu na mapito matatu

Upana nao una hila yake. Tela la futi 4 lina sentimita 122 ndani, na tairi za nyuma za bajaji, kutoka ukingo wa nje wa moja hadi ukingo wa nje wa nyingine, hukaribia sentimita 125. Zinakosa kuingia kwa upana wa vidole viwili tu. Ikiwa sakafu ya tela iko juu ya magurudumu yake, ondoa mbao za ubavuni na uchomelee mbawa za sentimita 15 kila upande, zikiegemezwa chini kwa vipande vya chuma vilivyokatwa pembetatu. Ikiwa sakafu imezama kati ya magurudumu, huna budi kuinua mapito kwa fremu ya paipu za mraba hadi yapite juu ya madigadi. Ila kumbuka kuwa kila sentimita unayoinua hupunguza uthabiti wa tela katika kona. Kosa lisilosameheka ni kukata ekseli katikati na kuichomelea ili kuirefusha. Ekseli ikihitaji kuwa ndefu, tafuta iliyo ndefu tangu kuundwa kwake.

Bajaji hukanyaga mahali patatu, kwa hiyo haihitaji sakafu nzima ya chuma. Sakafu ya bamba la milimita 3, yenye urefu wa mita 2.4 na upana wa mita 1.4, ina uzito wa kilo 79. Mapito mawili ya kando ya sentimita 30 kila moja, pamoja na mfereji wa katikati uliokunjwa kwa bamba hilohilo, hayafiki kilo 50. Mfereji uwe na nafasi ya sentimita 12 au 13 ndani, maana tairi ina upana wa inchi 4, na kingo zake zisimame sentimita 5. Toboa matundu chini yake ili maji ya masika yapite, kwani maji yaliyotuama hula chuma kimyakimya. Nafasi zilizobaki kati ya mapito zifunikwe kwa mbao zinazoondoleka, ili siku ya mahindi tela liwe na sakafu yake kamili.

Kuchomelea

Wafipa wa zamani waliyeyusha chuma katika tanuri refu lililoitwa ilungu, kisha wakakipitisha tena katika tanuri dogo lililoitwa kintengwe, kabla ya kukipeleka kwa mhunzi kikawa jembe. Mshono wa mkono wa tela unastahili uangalifu wa jinsi hiyo: mpito wa kwanza uingie katika kina cha chuma, taka zake zigongwe na kupigwa brashi mpaka chuma king'ae, kisha mpito wa pili upite juu yake. Umeme wa Sumbawanga, ambao kwa miaka mingi umevushwa kutoka Zambia, una saa zake za udhaifu. Na umeme ukiwa dhaifu, mshono hupendeza juu ilhali chini haukushika. Fundi mwaminifu atakuambia tungoje, msikilize.

Usiunganishe chuma cha mkono kwa kukutanisha ncha kwa ncha. Kipya kipitane na cha zamani kwa sentimita 30 au zaidi, ndipo kichomelewe kwa urefu. Mkono wenye miguu miwili, iliyotoka pembe mbili za fremu ikakutana kwenye kiungo, ni thabiti kuliko mti mmoja wa katikati. Asiyekuwa na fundi anayemwamini anaweza kuuliza SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, ambalo linahudumu Sumbawanga pia. Kazi ikiisha, paka rangi ya kuzuia kutu kwanza, na rangi ya urembo baadaye.

Ngazi ya kupandishia

Sakafu ikiwa na kimo cha sentimita 60, ngazi ya sentimita 240 ina mwinamo wa moja kwa nne, na nguvu ya kuivuta bajaji juu yake ni robo ya uzito wake, yaani kilo 88 hivi, ukiacha msuguano. Ngazi hiyo ikifupishwa hadi sentimita 150, nguvu hupanda hadi kilo 140, na tena tumbo la bajaji, lililo karibu na ardhi, hukwaruzwa pale ngazi inapokutana na sakafu. Kwa hiyo usibane urefu wa ngazi. Vipande viwe vitatu, kama yalivyo mapito, na kila kimoja kiwe na ndoano inayoshika ukingo wa tela, kwa sababu ngazi iliyoegeshwa tu huteleza wakati uzito wa nyuma unapoikanyaga.

Bajaji mbovu haitajipandisha. Funga winchi ya mkono mbele ya tela, yenye uwezo usiopungua mara tatu ya nguvu tuliyoihesabu, na kebo yake ishike fremu ya bajaji, isishike uma wa mbele wala bomba la turubai. Kabla ya kuvuta, liunge tela na gari lililotiwa breki, na uweke kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya tela. Uzito ukipanda kwa mkia, tela lisiloshikwa huinua mkono wake juu kwa ghafla. Wala mtu asisimame nyuma ya bajaji wakati inapopanda, hata kama anadhani anasaidia.

Kufunga mzigo

Tumia mikanda minne yenye vikazio, ya namna itumiwayo na madereva wa malori. Kamba ya katani hulegea ikikauka na ile ya plastiki hunyooka ikipata joto. Mikanda miwili ishike mikono ya magurudumu ya nyuma, chini ya springi, mmoja ukivuta mbele na mwingine nyuma. Miwili ishike fremu upande wa mbele, kulia na kushoto, ikivuta chini mpaka springi za uma zikae kidogo. Usifunge juu ya turubai wala vyuma vyake, kwani hivyo viliundwa kuzuia jua na mvua tu. Tia gia ya kwanza, vuta breki ya mkono, funga koki ya petroli ikiwa ipo, na uondoe waya mmoja wa betri. Kizuizi cha gurudumu la mbele kifungwe kwa boliti.

Tena usiudharau upepo. Uwanda wa Ufipa una sehemu kubwa za majani mafupi na miti michache, na katika miezi ya kipupwe upepo wake huvuma pasipo kizuizi. Kunja turubai za ubavuni uzifunge, hasa bajaji ikiwa imepandishwa kinyumenyume, kwa kuwa mgongo wake uliofungwa hupokea upepo wote wa mwendo.

Barabarani

Tela dogo kwa kawaida halina breki zake. Gari ndilo linalosimamisha vyote viwili. Katika nchi nyingi za Ulaya tela lisilo na breki haliruhusiwi kupita kilo 750 pamoja na mzigo, na tela letu la kilo 550 liko ndani ya mpaka huo. Hata hivyo gari linalolivuta liwe na uzito usiopungua mara mbili ya tela lililopakiwa. Tumia tairi za inchi 13 za gari dogo, ambazo kila moja aghalabu huhimili kilo 400 na zaidi, na usome ubavuni mwake kabla ya kununua. Minyororo miwili ya usalama ipitane msalaba chini ya kiungo.

Matela husajiliwa na Mamlaka ya Mapato, na tela lako liwe na namba yake, taa za nyuma, za breki na za ishara, na viakisi mwanga, vyeupe mbele na vyekundu nyuma. Likisharekebishwa, lipeleke kwa polisi wa usalama barabarani likakaguliwe kabla hawajakutana nalo njiani. Mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mpaka katika makazi ya watu, ufanye kuwa mwendo wako wa kawaida hata penye lami tupu kati ya Laela na Sumbawanga. Katika mteremko wa Ntendo kwenda Muze, tia gia ndogo kabla ya kuanza kushuka na uiache injini izuie. Breki zikanyagwe kwa muda mfupi na kuachiliwa, zipate kupoa. Wakati wa masika, njia ya udongo ikiwa imelowa, ahirisha safari: bajaji ni mbovu tayari, na siku moja haitaiongezea ubovu.

Baada ya kilomita chache za kwanza simama, kaza nati za magurudumu na mikanda yote, kisha gusa hab, yaani kitovu cha gurudumu, kwa mkono. Ikiwa ya moto isiyoshikika, beringi imekazwa mno au haina grisi.

Maandishi juu ya tela

Katika mitaa yetu chombo chenye manufaa hakikai kwa mwenyewe. Kitaazimwa na jirani, na jirani wa jirani, na siku moja kitavutwa na mtu ambaye hakuwapo wakati wa kupima. Kwa hiyo malizia kazi kwa brashi na rangi nyeupe. Juu ya mkono wa tela andika uzito wa tela tupu, uzito wa mzigo usiopaswa kupitwa, na upepo wa tairi. Juu ya mapito chora mistari miwili iliyo wazi: mmoja mahali pa magurudumu ya nyuma ya bajaji inapotazama mbele, na mwingine mahali pake inapopandishwa kinyumenyume. Azimaye asiyejua hesabu yoyote ataweza kusimamisha bajaji juu ya mstari, na hilo latosha kumfikisha.